Bandama Kubwa Si Jina la Ugonjwa

Mimi ni mpiga picha za ultrasaundi, zile picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti. Hii ni hotuba niliyoitoa Mwanza mbele ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wengi waliokuwa zamu siku ile wameniomba maandishi, nami nimeyaweka karibu kama nilivyosema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha. Pale nilipoonyesha kwa kidole, hapa nimeeleza kwa maneno.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mganga Mfawidhi, ndugu zangu matabibu, wauguzi, na ninyi wahudumu wa jamii mliopanda boti alfajiri kutoka visiwani: mwangaluka!

Mmeitikia kwa nguvu, kwa hiyo hamjachoka bado. Nitautumia mwanya huo kabla ya chakula cha mchana.

Nianze na kiwanda cha maboila. Mwaka 1955 daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake huko Glasgow, Uskoti, jina lake Ian Donald, alipakia kwenye gari uvimbe aliokwishawatoa wagonjwa wake kwa upasuaji, akaupeleka kwenye kiwanda kilichokuwa kikipima nyufa za vyuma kwa mawimbi ya sauti. Mafundi wakamletea na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Akapima, akaona kwamba uvimbe wenye maji unarudisha mwangwi wa namna yake, na uvimbe wa nyama ngumu unarudisha wa namna nyingine. Miaka mitatu baadaye, 1958, yeye na mwenzake John MacVicar, pamoja na injinia Tom Brown, walichapisha makala kuhusu uvimbe wa tumbo katika jarida la Lancet. Ultrasaundi mnayoijua leo ilianzia hapo.

Sasa sikilizeni. Katika siku hizo za mwanzo kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa amekonda, tumbo limejaa, na madaktari wamekwisha kata tamaa: saratani ya tumbo, haina upasuaji. Walipompima kwa ile mashine, kilichoonekana ni maji, tena maji yenye ukuta. Akapasuliwa. Ulikuwa uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai ya uzazi. Ukatolewa, mama akapona.

Nani alimponya mama yule? Mashine? Mashine ilionyesha maji tu. Aliyemponya ni mtu aliyejiuliza: kama hii ni saratani iliyosambaa, mbona maji haya yana ukuta?

Ndugu zangu, karatasi ninazoandika kila siku zinasema "ini kubwa", "bandama kubwa", "maji tumboni", "figo zimejaa maji". Mgonjwa anaichukua ile karatasi, anaikunja mara nne, anaenda nayo nyumbani, na akiulizwa anaumwa nini anajibu: "Nina bandama." Jamani, bandama tunayo sote! Bandama kubwa si jina la ugonjwa. Kilichoifanya ikue ndio ugonjwa, na mara nyingi hakiko ndani ya bandama. Kiko kwenye damu, au kwenye kifua, au kwenye maji ya ziwa, au kwenye uwanja wa nyumba alikolala mbwa.

Tuanzie nyumbani, ziwani.

Alikuja mvuvi mmoja, miaka thelathini na kitu, kutoka visiwa vya Ukerewe. Alikuwa ametapika damu mtumbwini usiku, mabonge meusi, wenzake wakaacha nyavu wakamkimbiza zahanati. Kijijini kulikuwa na maelezo mawili tu: ama gongo, ama mkono wa mtu. Yeye ni Msabato, pombe hajawahi kuionja. Lakini kila alikopita aliulizwa upya: "Kaka, sema ukweli, unakunywa?" Mpaka anafika kwangu alikuwa ameshakasirika, hataki hata kulala kitandani.

Nikaweka kifaa chini ya mbavu za kushoto. Bandama ilikuwa imeteremka mpaka usawa wa kitovu. Nikahamia kulia, kwenye ini. Ini lililoharibiwa na pombe, au na homa ya ini B, huwa limesinyaa, kingo zake zina manundu, na nyama yake yote imechafuka. La huyu kaka, nyama ilikuwa safi kabisa. Ila kuzunguka mishipa ya damu inayoingia ndani ya ini kulikuwa na kitu cheupe, kinene. Ukiukata mshipa kwa upana unaona pete nyeupe. Ukiugeuza kwa urefu unaona bomba jeupe. Mwaka 1904 mtaalamu wa patholojia aitwaye Symmers, akichunguza maiti huko Misri, aliyaona makovu hayohayo akayafananisha na mirija ya viko vya udongo, na jina hilo limebaki vitabuni mpaka leo.

Ni nini kile? Wahudumu wa visiwani, semeni! Naam. Kichocho.

Minyoo ya kichocho cha tumbo haikai ndani ya utumbo kama wengi wanavyodhani. Inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike wamekumbatiana, na jike anataga mamia ya mayai kila siku. Mayai mengine yanapenya kuingia utumboni na kutoka na choo. Mengine yanasombwa na damu kwenda kwenye ini, yanakwama kwenye vijimshipa, na mwili unayajengea kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka. Njia inakuwa nyembamba, damu inakosa pa kupita, inarudi nyuma. Ikirudi nyuma bandama inavimba, mishipa ya umio inatuna, na siku moja unapasuka mmoja. Hiyo ndiyo ile damu ya mtumbwini.

Tazameni mtego uliopo hapa. Kwa kuwa nyama yenyewe ya ini haijaharibika, macho hayawi ya njano, na vipimo vya damu vya ini vinaweza kutoka karibu na kawaida. Vya kaka yule vilitoka hivyo. Aliyesoma karatasi ya maabara peke yake aliandika kwamba ini halina neno. Picha peke yake nayo, kwa mtu asiyejua mvuvi ni nani na anaishi wapi, ingeweza kuandikwa "ugonjwa wa ini wa muda mrefu" na kuishia hapo. Ukiviweka pamoja, ini lenye nyama safi na makovu kuzunguka mishipa, bandama kubwa, mtu aliyekulia majini, unabaki na maelezo mangapi?

Wapiga picha wenzangu mlioko humu, nina ombi. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, Niger, wakakubaliana namna moja ya kuyasoma makovu haya, wakayapa herufi kuanzia A, ini la kawaida, mpaka F, hali mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani liliutoa mwongozo huo mwaka 2000. Andikeni herufi! "Ini lina makovu" haimsaidii tabibu kujua kama mgonjwa ana hatari ya kutapika damu wiki ijayo. Herufi inamsaidia.

Kaka yule alipewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, akapelekwa kwenye kamera ya umio mishipa ikafungwa, akaanzishiwa propranololi ya kupunguza msukumo wa damu. Dawa inaua minyoo. Makovu ya mtu mzima kwa sehemu kubwa yanabaki. Kwa mtoto ni tofauti, makovu ya mapema yanaweza kufifia kabisa akitibiwa. Ndiyo maana ile fimbo ya kupimia urefu mnayoiona shuleni siku ya kugawa dawa ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini mvuvi yuko shuleni? Mama anayeanua dagaa yuko shuleni? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba mahali ambapo watu kumi katika kila mia au zaidi wana kichocho, dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Kwa maoni yangu tulichelewa sana kufika hapo.

Na wahudumu, mkirudi visiwani, waambieni kina mama jambo hili: vijidudu vya kichocho, vile vinavyomwingia mtu kwenye ngozi akiwa majini, hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita mchana. Nanyi mnajua saa ambayo nguo hufuliwa ufukweni.

Sisemi kila bandama kubwa ni kichocho. Ipo bandama ya malaria ya kujirudiarudia. Ipo ya saratani ya damu. Kwa wenzetu wa Baringo na Pokot Magharibi kule Kenya kuna kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoletwa na usubi. Na iko bandama ambayo tatizo lake ni kwamba haipo! Analetwa mtoto wa miaka minane, tumbo linamsumbua, weupe wa macho una unjano kidogo. Unaona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mtoto wa miaka minane, mawe ya nyongo? Unahamia kushoto kutafuta bandama, hakuna, kuna kipande kidogo kilichosinyaa. Tabibu, hapo usiandike dawa ya mawe. Mpeleke mtoto maabara akapimwe sikoseli. Chembe zake za damu zinavunjika kila siku, rangi ya damu iliyovunjika ndiyo inayoganda na kuwa mawe, na bandama imekufa kidogokidogo kwa kukosa damu. Kanda ya Ziwa tunaongoza kwa ugonjwa huu, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kuusahau.

Sasa niwapeleke kwenye jambo ambalo, nikiwa mkweli, ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Kijana wa bodaboda. Homa ya mwezi na zaidi, jasho la usiku, suruali inashikiliwa na kamba. Ametibiwa malaria bila kipimo kuonyesha malaria. Ametibiwa taifodi mara tatu. Mnajua tena, ule ugonjwa wa taifodi wa hapa mjini, ambao kila duka la dawa linaupata kwa kila mtu. Hakohoi. Makohozi hana ya kutoa. Picha ya kifua haikuonyesha kitu cha kumshika. Anakuja kwangu na fomu iliyoandikwa maneno mawili: "Maumivu ya tumbo."

Kwa kifaa cha kawaida, kile cha mviringo tunachotumia kwa tumbo, bandama yake ilikuwa kubwa kidogo tu, ingepita. Nikabadilisha. Nikachukua kile kifaa bapa tunachotumia kwa shingo na mishipa, kinachoona karibu lakini kwa undani zaidi. Nikakipitisha polepole kati ya mbavu. Vidoa vyeusi, vidogo, milimita tatu, milimita tano, vimetapakaa bandama nzima. Nikashuka katikati ya tumbo, kando ya mshipa mkuu wa damu: matezi, yamepita sentimita moja na nusu, yamejipanga. Nikamuuliza taratibu, "Mdogo wangu, umewahi kupima VVU?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Zamani."

Tom Heller na wenzake, waliofanya kazi Afrika Kusini wakati VVU na kifua kikuu vilikuwa vinaua watu kwa pamoja, walitengeneza utaratibu mfupi sana wa kupima wagonjwa wa namna hii. Unatazama maji kuzunguka moyo. Unatazama maji kati ya pafu na mbavu. Unatazama maji tumboni. Halafu matezi ya tumbo, halafu vidoa vya bandama na vya ini. Dakika chache tu. Wanauita FASH. Kwa mtu mwenye VVU, kinga imeshuka, homa haikomi, vidoa vya bandama na matezi vinatosha kukufanya ufikirie kifua kikuu kabla ya kitu kingine chochote.

Mmesikia nilivyosema? Kifua kikuu, na kifua kiko sawa. Tunaendelea kuwaambia watu TB ni kikohozi cha wiki mbili, na ni kweli, lakini mgonjwa mwenye VVU anaweza kuwa na TB ya mwili mzima bila kukohoa hata mara moja. Huyu hatoi makohozi, kwa hiyo mashine ya kupima makohozi haimwoni. Kipo kipimo cha mkojo cha TB kwa wenye VVU waliodhoofika, kimependekezwa tangu 2015. Kitumieni. Na bandama yake ipo, inaonekana, kwa mashine ileile tunayopimia wajawazito.

Vidoa hivyo vinaweza pia kuwa saratani ya matezi, au majipu ya bakteria. Ndiyo maana siandiki "TB" kwenye karatasi. Naandika nilichokiona, kisha naandika: "Apimwe VVU leo, TB itafutwe leo." Neno "leo" naliandika kwa herufi kubwa. Kuna daktari aliwahi kunilalamikia kwamba si kazi ya mpiga picha kuandika "leo". Tulizungumza, tukaelewana. Bado naliandika.

Kijana alianza dawa za TB, miezi 6, na za VVU zikafuata. Alirudi kunisalimia na pikipiki yake. Suruali imekaa yenyewe.

La tatu linatoka mbali kidogo na ziwa. Wangapi humu wamefanya kazi umasaini? Mikono juu. Wachache. Basi wengine sikilizeni sana, kwa sababu wagonjwa wanasafiri.

Alikuja mama wa Kimasai kutoka upande wa Ngorongoro, anakaa kwa mwanawe hapa mjini. Tumbo upande wa kulia limemnyanyuka. Fomu ilisema: "Jipu la ini. Tafadhali toa usaha kwa sindano." Sindano yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa kwenye trei. Nilipoweka kifaa, niliona kifuko kikubwa cha maji ndani ya ini, na ndani yake vifuko vidogo, vimebanana, vimejaza kile kikubwa.

Nikasema, "Yeyo, nyumbani mna mbwa?"

Akacheka. "Boma gani halina mbwa?"

"Na mkichinja kondoo, mkakuta ini au pafu lina malengelenge, mnafanyaje?"

"Tunamtupia mbwa."

Nikaifunika ile trei.

Kuna tegu mdogo mno, wa milimita chache, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yanashika manyoya, majani, maji, mikono. Kondoo akiyala, yanakuwa vifuko kwenye ini na mapafu yake. Mbwa akila lile ini, mzunguko umekamilika. Binadamu anaingia katikati kwa bahati mbaya tu. Anameza yai, na kifuko kinakua ndani yake polepole kwa miaka, bila homa, bila maumivu, mpaka tumbo linyanyuke.

Ukichoma kifuko cha namna hiyo ovyoovyo, yale maji yakamwagika tumboni, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali wa kumuua pale pale kitandani. Akinusurika, kila tone lililomwagika linaweza kuotesha kifuko kipya. Jipu la ini la amiba, lile tunalolizoea, lina hadithi nyingine kabisa: homa, maumivu makali, mgonjwa hawezi kulalia ubavu wa kulia, na mara nyingi metronidazoli inalimaliza bila sindano yoyote. Vyote viwili vimeandikwa "kifuko kwenye ini". Tofauti iko kwenye picha ukitazama ndani ya kifuko, na iko kwenye swali la mbwa.

Waliotufundisha haya ni watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Turkana ni kati ya sehemu zilizowahi kupatikana na ugonjwa huu kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Mbwa kule alikuwa karibu sana na watoto, mpaka kumsafisha mtoto mchanga kwa ulimi. Shirika la AMREF lilianza mpango wake huko mwaka 1983: kupunguza mbwa wazururaji, kuwapa mbwa dawa, kuelimisha, kupasua, na kupeleka mashine za ultrasaundi mpaka kwenye makazi ya wafugaji. Kabla ya hapo waliohesabiwa ni wale tu waliokuja hospitali na matumbo makubwa. Mashine ilipofika kwao, waligunduliwa watu wanaochunga mbuzi kama kawaida huku wana vifuko ndani. Kutokana na kazi za namna hiyo ilijulikana pia kwamba vifuko vingine hufa vyenyewe, vinakakamaa, na havihitaji kuguswa. Mwaka 2003 wataalamu waliviwekea madaraja, CE1 mpaka CE5; CE ni kifupi cha jina la ugonjwa huu kwa Kiingereza. Cha kwanza kinaweza kutibiwa kwa sindano, lakini kwa utaratibu maalumu na mgonjwa akiwa amekingwa kwa dawa ya albendazoli. Cha nne na cha tano ukikiona kimetulia, kiache, mwite mgonjwa baada ya muda umtazame tena. Cha yule mama, chenye vifuko vidogo ndani, ni daraja la pili, sindano hakiitaki. Alianza albendazoli akaenda kwa daktari wa upasuaji.

Mwenyekiti ananitazama. Nitakwenda mbio.

Maji tumboni. Mama amejifungua miezi miwili iliyopita, tumbo limejaa, miguu imevimba, ametibiwa ini. Kabla hujafikiria ini, tafuta mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, nyuma ya ini. Mwambie mama avute pumzi kwa pua, ghafla, kama anayenusa. Mshipa wa kawaida utajikunja. Wa huyu umetuna, haujikunji, na mishipa ya ndani ya ini nayo imetanuka. Ini halina kosa. Moyo umechoka baada ya uzazi, damu inarudi nyuma. Nyanyua kifaa, kiweke chini ya chembe cha moyo, kielekeze juu, uutazame moyo wenyewe unavyosukuma. Ni kitanda kilekile, jeli ileile.

Figo zote mbili zimejaa maji. Usitafute mawe kwanza, tafuta kilichoziba mkojo huko chini. Kama ni mwanamke, amepimwa lini mlango wa kizazi? Kama ni mzee, tezi dume ikoje? Kama ni kijana kutoka Pemba au bonde la mto lenye mashamba ya mpunga, ukuta wa kibofu chake ukoje, na alipokuwa mtoto alikojoa damu, yaani kichocho cha kibofu? Ini linalong'aa kuliko figo iliyo jirani yake huenda limejaa mafuta: pima sukari, pima na kiuno. Nimemaliza hilo.

Naona mkono kule nyuma tangu zamani. Dada anauliza kuhusu vidonda vya tumbo. Asante sana, maana ndio wagonjwa wangu wengi. Dada, ultrasaundi haioni vidonda vya tumbo. Narudia kwa ajili ya walioko nje ya turubai: ul-tra-saun-di ha-io-ni vi-do-nda vya tu-mbo! Tumbo la chakula lina hewa, na mawimbi ya sauti yakikutana na hewa hayapiti. Kidonda kinatafutwa kwa kamera, au wadudu wake wanapimwa kwa choo. Mtu analipa, analala, anapakwa jeli, anaambiwa "uko safi", anarudi nyumbani na kidonda chake kikiwa kimepewa cheti. Hao wanaopita na matangazo ya "vipimo vya mwili mzima kwa ofa" wanauza picha bila swali. Picha isiyo na swali haina thamani ya nauli uliyopandia daladala.

Kwa hiyo matabibu wenzangu, msinitumie fomu yenye maneno mawili. Niandikieni anaishi wapi na alikulia wapi, maana kichocho na tegu havijali anwani ya sasa. Niandikieni kazi yake. Niandikieni hali ya VVU kama inajulikana, na kama haijulikani andikeni haijulikani. Homa ina muda gani? Amepungua kilo? Mistari mitatu inatosha. Nikiipata, nitajua nishike kifaa kipi na nikae wapi kwa muda mrefu zaidi.

Nanyi ambao si watu wa hospitali, mliokuja kwa sababu ya chakula, nawaona, karibuni. Mkilala pale kitandani msinyamaze. Mpigaji asipouliza, mwambieni ninyi: nimevua samaki miaka mingi, nimefuga mbwa, mume wangu anatumia dawa. Siyo umbeya. Ndicho kipimo chenyewe.

Sasa, mashine tumeileta, iko chumba cha pili, na baada ya chakula nitapima watu wachache wanaotokea kambi za uvuvi. Ila mfuko wa nyongo ukishaonja chai ya maziwa na chapati unajikunja, siuoni vizuri. Wasiokunywa chai asubuhi hii wabaki hivyohivyo, waje sasa hivi, chakula chao kitawekwa. Waliokwisha kunywa nitawatazama bandama. Bandama haina neno na chapati.